Kihisi Kichafu Hakisemi Kweli

Ndugu wafugaji wa samaki, nanyi wahandisi, leo ni habari za vihisi vinavyopima maji ya bwawa na kutuma vipimo kwenye simu kwa redio. Najua mnasubiri niseme habari za redio na betri. Zitakuja. Kwanza tuingie majini, maana huko ndiko kazi inakoharibikia.

Chukua kihisi cha oksijeni kilichokaa bwawani wiki mbili bila kuguswa. Kivute juu. Kichwani kina utando wa kijani, ukiugusa unateleza kama kamasi. Utando huo una uhai ndani yake, mwani na bakteria. Mchana mwani unatoa oksijeni palepale usoni pa kihisi, nacho kinasoma zaidi ya iliyomo bwawani. Usiku utando wote unavuta oksijeni, kinasoma pungufu. Kwenye simu mchoro unapanda na kushuka vizuri tu, kumbe unatazama pumzi za utando! Mtandao haukukosea lolote, umefikisha kila tarakimu.

Sasa fuata kinachotokea. Usiku kengele ya oksijeni pungufu inalia, mfugaji anakimbia kuwasha mashine za hewa, anakuta samaki wametulia. Inalia tena kesho. Siku ya tatu anaizima alale. Na oksijeni hufika chini kabisa karibu na alfajiri, baada ya samaki, mwani na matope kupumua usiku kucha bila jua la kurudishia. Kengele ya kweli ingelia saa hiyohiyo.

Mtaniambia, si vipo vihisi vyenye brashi ya kujisafisha? Vipo, na ni vizuri, nunueni. Lakini brashi nayo huchakaa na kushika uchafu. Mwingine atasema, mimi nawatazama samaki wangu, wakipanda juu kuhema najua. Bwana, wakifika hapo umeshachelewa! Samaki wengi wa maji ya joto huanza kudorora oksijeni ikikaa chini ya miligramu 5 kwa lita, na kwa macho huoni kitu.

Kwa hiyo futa kichwa kwa kitambaa laini, kiweke ndani ya kikopo chenye unyevu, juu ya maji, kisubiri kitulie. Kinapaswa kusoma asilimia 100. Kisiposoma hivyo, kirekebishe. Kazi hii ipewe mtu mmoja anayejulikana, si "vijana wa bwawani".

Redio, kwa haraka. Maji hunyonya mawimbi yake, basi antena ikae juu ya mlingoti. LoRa, aina ya redio ya masafa marefu, hufika kilomita kadhaa kwa umeme kidogo, na kipimo kimoja kila robo saa kinatosha. Kati ya vipimo kifaa kilale, betri itadumu.

Naona naonyeshwa saa. Amonia, ile itokanayo na taka za samaki, basi: msiisome bila pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, na joto. Kwa nyuzi 25, pH ikiwa 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Ikifika 9, inapita theluthi moja. Na pH hupanda alasiri kwa sababu ya mwani wa bwawani, kwa hiyo bwawa lililokuwa salama asubuhi linaweza kudhuru samaki jioni bila amonia kuongezeka hata kidogo. Kihisi cha pH kiwekwe kando ya kile cha oksijeni, na visafishwe siku moja.