Kukata kwato za mbuzi: anzia kwenye nyayo

Habari za asubuhi, wafugaji wenzangu. Niko nyumbani Mpwapwa, saa moja na nusu, umande bado uko kwenye majani. Leo tunakata kwato. Ila mkasi usubiri kwanza. Mwanangu, shusha simu, waonyeshe hapa chini mlangoni pa zizi.

Mnaziona hizi nyayo? Mbuzi wamepita sasa hivi wakienda kunywa maji. Huu hapa ni wa mbuzi mwenye kwato nzuri: vidole viwili vimelala sawa, ncha zimechongoka, ukingo wake safi kama umegongwa muhuri. Sasa njoo huku. Huu kidole cha nje kimepinda, na nyuma yake kuna mchirizi kwenye vumbi, maana mguu unaburuzwa. Huyu ni Kipaku. Jana mngemwona malishoni msingejua ana shida, hachechemei hata kidogo. Vumbi limemsema mapema. Ndiyo maana hapa kwangu hakuna kufagia mlangoni kabla sijapita kutazama.

Huku Dodoma mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Kiangazi mbuzi wanashinda mlimani kwenye mawe na kwato zinajisugua zenyewe. Mvua zikinyesha wanakaa bondeni kwenye udongo laini, kwato zinarefuka. Kwa hiyo mvua zikikatika tu, mimi nawapitia wote. Na asubuhi kama hii, wakitoka kukanyaga umande, ukwato unakuwa laini, unakatika vizuri. Kiangazi unakuwa mgumu kama pembe, itabidi umviringie gunia bichi mguuni kwanza.

Kumshika mnajua wenyewe. Kamba fupi, ubavu uegemee ukuta, kunja mguu kama anavyoukunja mwenyewe. Usiuvute kwa pembeni. Mwenye mimba kubwa mwache azae kwanza.

Vifaa: mkasi wa kukatia matawi, kisu kidogo, tupa, ayodini. Safisha matope kwa ncha ya... ngoja. Ngoja kidogo. Sogeza simu, mwanangu, karibu zaidi. Mnaona hako kadoa katikati ya vidole? Huo ni mwiba wa mgunga, umevunjikia ndani. Shika mguu usitikisike. Unauvuta kufuata ulivyoingia, taratibu... huyo. Urefu wa kiungo cha kidole changu! Pole mama, pole. Ayodini hapo, tuendelee. Nisingesafisha kwanza, ningeupita.

Haya. Ukuta wa ukwato umekua ukajikunja kufunika chini, na humo ndani kumejaa mavi na matope. Huo uliojikunja ukate wote, hauna maumivu, ni kama kucha yako. Mpaka hapa ni kazi ya dakika moja.

Sasa polepole. Sehemu ya chini unaipunguza kwa vipande vyembamba, kama unamenya embe bichi. Kata kimoja, tazama rangi. Kata kingine, tazama rangi. Nyeupe, endelea. Ikianza kuwa ya waridi, acha. Mbuzi wangu wa kwanza wa maziwa nilitaka apendeze siku hiyohiyo, nikaongeza kipande kimoja tu, damu ikaruka. Siku nne hakukanyagia mguu ule, na maziwa yakapungua. Bado inaniuma. Kwa hiyo narudia: waridi, acha. Kwa kwato nyeusi rangi haionekani vizuri, bonyeza kwa dole gumba baada ya kila kipande. Ikibonyea, acha hapohapo, hata kama bado haijanyooka. Ikitokea damu, kandamiza kwa kitambaa safi, paka ayodini, mweke pakavu. Pepopunda huingilia kwenye vidonda vya namna hii.

Kipimo changu ni pale manyoya yanapoishia juu ya ukwato. Chini pawe sambamba na mstari huo. Malizia na tupa, mpapaso mmoja au miwili.

Ukisikia harufu ya uozo kati ya vidole, hilo ni jambo jingine. Mimi nayeyusha mrututu, ile chumvi ya buluu yenye madini ya shaba, gramu 50 kwa lita moja ya maji, wanasimama humo dakika chache. Wasiyanywe, hasa kama una kondoo, madini hayo yanawadhuru haraka.

Sikieni... huyo ni hondohondo. Mwanangu, mgeuzie simu, yuko chini pale karibu na mbuyu. Anachokonoa mavi ya mbuzi kutafuta wadudu. Kila nikikata kwato anakuwepo, na mbwa naye anasubiri vipande, anavitafuna kama mfupa. Mimi huwa nafanya kazi hii bila redio ili niwasikie.

Kipaku amemaliza, mfungulie apite palepale mlangoni. Tazama chini. Vidole vimelala sawa, mchirizi hakuna. Mguu wa nyuma wa kushoto bado unaegemea nje kidogo. Huo nimeuacha makusudi, ulishaanza waridi. Nitaurudia baada ya wiki mbili. Haya, niletee yule mweusi.