Umbo na Kazi Zake: Ushairi, Hisabati, Ndoa

Asalaam alaykum, ndugu zangu wa Chake Chake.

Neno fomalizimu watu hulitumia kama lawama, kumwambia mtu kashika umbo kaacha maana. Lawama hiyo haitoshi. Umbo lina kazi, na kazi yake hubadilika kila likihama fani.

Tuanzie kwenye ushairi, ndiko kwetu. Chukueni mshororo huu:

Karafuu zimewiva, wachumaji wako wapi

Ukwapi, yaani nusu ya kwanza, una mizani (silabi) 8; utao, nusu ya pili, mizani 8. Ukitaka kusisitiza kuwa zimewiva kitambo, ukaandika "zimeshawiva", ukwapi unafika 9 na shairi limeingia guni, yaani ila ya mizani. Mwimbaji atajikwaa papo hapo. Dawa yake ni "zishawiva": sha imeingia, me imetoka. Na hesabuni kwa sikio. Anayehesabu irabu huipa "mtu" mizani 1, kumbe ni 2, maana m ile hutamkwa peke yake. M ya "mbuzi" imegandana na b, haihesabiwi. Wengi huharibikiwa hapo.

Kwa nini taabu yote hii? Mwaka 1917 Mrusi Viktor Shklovsky, mhakiki wa fasihi, alijibu kwamba sanaa hukifanya kitu tulichokizoea kiwe kigeni machoni, tukawie kukitazama. Karafuu tunazipita kila msimu. Mizani hutusimamisha.

Kwenye hisabati ni kinyume, umbo huondoa haja ya kukawia. Miaka ya 1920 David Hilbert alitaka uthibitisho uwe mfululizo wa alama, kila hatua ikaguliwe kwa kanuni bila kuuliza alama zina maana gani. Mwaka 1931 Kurt Gödel akaonyesha mpaka wake: mfumo wa namna hiyo, ukitosha kwa hesabu za namba nzima na usijipinge, una kauli za kweli usizoweza kuzithibitisha.

Sheria ni jambo jingine kabisa. Kwa madhehebu ya Shafi, ndoa yataka walii (msimamizi wa bibi harusi), mashahidi wawili, ijabu (tamko la kuozesha) na kabuli (tamko la kukubali). Pasipo walii haisihi, hata wawili hao wapendane vipi. Hapa umbo ndilo linaloiunda ndoa yenyewe. Shairi guni ni shairi lenye ila. Ndoa isiyo na walii haiitwi ndoa yenye ila, maana haikufungwa.

Nadhani ndiyo maana ubishi wa miaka ya 1970 juu ya mashairi huru, yasiyofuata vina na mizani, ulikuwa mkali vile. Upande mmoja uliziona vina na mizani kuwa sharti la kusihi, kama walii. Upande wa pili uliziona kuwa zana, na zana fundi huichukua au huiacha.