Kuvu Iliyofugwa: Mhadhara Kuhusu Koji ya Wajapani

Mwenyekiti, ahsante. Nanyi nyote mliofika jioni hii ingawa kesho ni siku ya kazi, ahsanteni sana.

Nikijitambulisha kuwa mpenzi wa mambo ya Kijapani, watu hunitazamia nianze na sushi, au bustani za mawe, au watawa wa Zen waliokaa kimya wakiutazama ukuta. Leo hayo yote nayaacha. Nimekuja kuzungumza juu ya ukungu. Naam, ukungu unaoota kwenye chakula.

Jina lake la kisayansi ni Aspergillus oryzae. Nafaka iliyooteshwa kuvu hii, iwe mchele, shayiri au soya, Wajapani huiita koji. Iondoe koji jikoni kwa Mjapani uone kinachofuata: sosi ya soya haipo, miso (rojo zito la soya zilizochachushwa) haipo, sake (pombe ya mchele), mirin (pombe tamu ya kupikia), shochu (pombe kali iliyokenekwa) na siki ya mchele havipo. Anabaki na samaki mbichi na chumvi. Mwaka 2006 Chama cha Watengeneza Pombe cha Japani kiliitangaza kuvu hii kuwa kuvu ya taifa. Sisi tuna twiga. Wao, juu ya ndege wao wa taifa, wana kuvu.

Kazi yake ni ipi? Hamira hula sukari, wanga haiuwezi. Kwa hiyo anayetaka kinywaji kutokana na nafaka sharti kwanza apate njia ya kuugeuza wanga uwe sukari. Huku kwetu tunatumia kimea. Ulezi unalowekwa, unaachwa uchipue, unaanikwa, unasagwa. Aliyewahi kupika togwa anajua: tia kimea kwenye uji wa vuguvugu, baada ya muda uji unalegea na utamu unakuja wenyewe. Wazungu hufanya vivyo hivyo kwa shayiri. Lakini mchele uliokobolewa hauchipui, kwa sababu kiini chake kimeshaondoka na pumba. Huko Asia Mashariki kazi ya kimea wakaikabidhi kuvu. Wachina walitangulia, na wao huotesha kuvu za aina nyingi pamoja. Wajapani walichagua moja wakaing'ang'ania.

Na hiyo moja ina nduguye tunayemfahamu vizuri mno, Aspergillus flavus, huyu anayetuletea sumukuvu kwenye mahindi na karanga. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya za jirani nchini Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, na 125 kati yao wakafa. Kwa vinasaba, hizi kuvu mbili zimekaribiana kiasi kwamba wanasayansi wengi wanaona koji ni flavus iliyofugwa. Tofauti kubwa ni kwamba iliyofugwa haitoi ile sumu.

Imefugwa na nani? Na watu ambao hawakuwa na hadubini wala maabara. Kila iliyotoka vizuri walibakiza kidogo wakaoteshea nyingine. Kisha wakagundua majivu. Wali ukichanganywa na majivu ya miti, vijidudu vingi vinashindwa kuishi humo, lakini kuvu hii inavumilia, na madini ya majivu yanaisaidia kutoa mbegu tele. Mimi nikiulizwa uvumbuzi mkubwa wa Japani, treni ziendazo kasi nitazitaja baadaye. Kwanza nitayataja majivu haya. Katika Kyoto ya kale, haki ya kutengeneza koji ilishikwa na chama kilichokuwa chini ya hekalu la Kitano. Watengeneza sake walipotaka kujioteshea wenyewe, ugomvi ukafika hadi serikali ya shogun, yaani mtawala wa kijeshi, askari wakatumwa, na mwaka 1444 hekalu likaungua moto. Ugomvi wa ukungu huo!

Sasa twendeni chumbani. Kiwanda cha sake cha kizamani kina chumba kidogo kilichozungushiwa mbao, joto lake linapita nyuzi 30 hata theluji ikiwa imejaa nje. Kabla mchele haujaingia humo umekobolewa sana. Kwa daraja linaloitwa daiginjo, nusu ya kila punje au zaidi imeondolewa, kwa kuwa mafuta na protini za pembeni huharibu ladha. Umeoshwa, umelowekwa kwa kuhesabu sekunde, umepikwa kwa mvuke. Fundi mkuu, toji, huchukua gao moja la moto, akalifinyanga kwa kiganja mpaka likawa andazi bapa, akalivuta na kulitazama. Punje inatakiwa iwe kavu kwa nje na laini kwa ndani, kusudi kuvu itafute unyevu kwa kuzama katikati. Ikipata maji juu juu, itatanda juu juu.

Mchele unatandazwa mezani. Fundi anashika kikopo kilichofungwa kitambaa mdomoni, anakitikisa, na vumbi la kijani, ndizo mbegu za kuvu, linaelea hewani. Hapo watu hupunguza mwendo na mazungumzo, maana upepo wa mtu mmoja kupita unatosha kulipeleka vumbi upande. Kisha mchele unafunikwa. Kesho yake umeshajipasha moto wenyewe, kwa kuwa kuvu inapokua hutoa joto. Unavunjwavunjwa, unagawanywa kwenye trei ndogo za mbao, na usiku kucha mtu anaamka kuzihamisha, ya chini ikaja juu, ya juu ikaenda chini, ili joto lisizidi pale isipotakiwa. Baada ya takriban siku mbili punje zimevaa manyoya meupe na chumba kinanukia utamu.

Watengeneza sake wana msemo wao: kwanza koji, pili kianzio cha hamira, tatu pipa lenyewe. Katika pipa hilo koji inaendelea kutoa sukari huku hamira ikiila papo hapo, ndiyo maana sake inaweza kufika karibu asilimia 20 ya kilevi bila kukenekwa, ingawa nyingi huzimuliwa kwa maji kabla ya kuuzwa. Na katika msimu wa kazi mafundi hawali natto, zile soya zinazovutika kama ulimbo. Bakteria wa natto ni sugu. Wakiingia chumbani wameimeza koji yote. Falsafa ya Kijapani inayonivutia mimi iko hapa. Mwenye kazi ni kiumbe asiyeonekana, na binadamu, hata akiwa fundi wa miaka arobaini, ni mtumishi anayemwekea joto, unyevu na usafi, hata mlo wake wa asubuhi anaupima kwa ajili ya mwingine.

Ila tusiremberembe mambo. Wengi wa mafundi hao walikuwa wakulima wa Iwate, Niigata na Tanba ambao baridi iliwafungia mashamba, wakaacha familia zao miezi mizima kwenda kufanya kibarua viwandani. Wanawake kwa karne nyingi walikatazwa hata kuingia. Na sosi ya soya mnayonunua dukani karibu yote imetoka kwenye matangi ya chuma. Ile ya mapipa ya mbao ni kama asilimia moja tu. Katika kisiwa cha Shodoshima, ambako mapipa ya mierezi bado yanatumika na kuta zake zimejaa vijidudu vya vizazi na vizazi, mwenye kiwanda cha Yamaroku, Yasuo Yamamoto, aliona mafundi wa kuunda mapipa makubwa wanakwisha. Akaenda na maseremala wawili kujifunza, wakaanza kuyaunda wenyewe. Pipa la namna hiyo hudumu miaka mia na zaidi, kwa hiyo analounda leo atalitumia mjukuu. UNESCO nayo, Desemba 2024, iliuingiza ustadi wa sake katika orodha ya urithi, wakati Wajapani wenyewe wanakunywa chini ya theluthi ya kiasi walichokunywa miaka ya 1970.

Kuna swali ambalo huulizwa kila ninapozungumza, basi nilijibu kabla. Sosi ya soya iliyochachushwa kwa njia ya asili huwa na kilevi kidogo, yapata asilimia mbili, kinachotokana na uchachu wenyewe. Mirin halisi ina kingi, kama asilimia 14. Asiyetumia kilevi asome lebo, na zipo chapa zilizothibitishwa kuwa halali.

Kilichoko kwenye birika pale mlangoni ni amazake ya koji, haina kilevi wala sukari ya kuongeza. Ni uji wa wali uliochanganywa na koji ukakaa kwa muda wa saa nane kwenye nyuzi 55 hadi 60. Ukizidisha joto, vimeng'enya vya koji, vile vinavyogeuza wanga kuwa sukari, vinakufa na uji haukolei utamu. Ukilipunguza sana, unachachuka. Karibuni muonje huku tukichukua maswali, na wapishi wa togwa nawaomba mje mbele, nataka kusikia mnasemaje.