Nirushie hiyo video: simu zinavyopeana mafaili na kupigiana, na bando linapopotelea

Mhadhara kwa waongozaji, madereva wa safari na wapagazi, Arusha

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Sogeeni mbele, viti vya huku bado vipo.

Kila aliyewahi kushika usukani wa gari la safari anaijua hali hii. Ni siku ya mwisho, mmetoka Karatu mnaelekea uwanja wa ndege wa KIA, na mgeni anakuambia ana video ya yule chui wa Seronera, dakika tatu nzima, safi kabisa. Yeye ana iPhone, wewe una Samsung au Tecno. Anakuahidi kukutumia WhatsApp akifika kwao. Akifika kwao anasahau, na akikumbuka, video inakuja imebanwa mpaka madoa ya chui hayaonekani. Na nyinyi mlikuwa garini muda wote huo, mmekaa hatua moja tu kati yenu.

Jambo la leo ni moja. Kabla hujabonyeza chochote, jiulize: hiki kitu kinapita njia gani? Njia ziko tatu. Kuna ya simu kwa simu, hewani moja kwa moja, inayofanya kazi hata mahali pasipo na mnara. Kuna ya intaneti, inayokula bando lako au Wi-Fi ya loji. Na kuna ya kampuni ya simu, yaani dakika na SMS za kawaida. Ukiijua njia, unajua itakugharimu nini na itakwama wapi. Simu za siku hizi huhama kutoka njia moja kwenda nyingine bila kukuaga, na hapo ndipo watu wanapoapa kwamba mtandao umewaibia bando.

Tuanze na simu kwa simu, maana ndiyo yenye faida kubwa porini.

Bluetooth mnaijua, ile ya kurushiana nyimbo. Mambo yakiwa mazuri inabeba kama megabiti 2 kwa sekunde. Sasa pigeni hesabu. Video ya 4K ya iPhone, fremu 30 kwa sekunde, inakula takribani MB 170 kwa dakika. Dakika tatu za chui ni MB 510. Zidisha kwa 8 upate megabiti, gawanya kwa 2: sekunde 2,040. Ni dakika 34, na simu zote mbili zimelazwa pamoja. Hata hivyo hesabu hiyo ni ya bure kwetu, kwa sababu iPhone haitumi faili kwa Bluetooth kwenda Android. Msihangaike kuziunganisha, zitaunganika, na faili halitapita.

AirDrop ya Apple na Quick Share ya Android, yaani huduma za kurushiana mafaili zilizomo ndani ya simu zenyewe, zinaitumia Bluetooth kwa kutafutana tu. Zikishaonana, zinafungua Wi-Fi kati yao zenyewe, bila ruta wala mnara, na mzigo unapita huko. Video ileile inaweza kuisha ndani ya dakika moja au mbili. Ndiyo sababu Bluetooth na Wi-Fi zote lazima ziwashwe, hata pale ambapo hakuna Wi-Fi ya kuunganisha. Nawaona wengine mnatazamana. Ndiyo, mkizima Wi-Fi porini mkidhani haina kazi, mnazima barabara yenyewe. Umbali hesabuni kama mita 9, na mwili wa mtu au bodi ya gari hupunguza. Simu zikae karibu mpaka faili limalizike.

iPhone kwa iPhone, au iPhone kwa iPad, kazi kubwa iko kwa anayepokea. Aingie Settings, kisha General, kisha AirDrop. Hapo atakuta kuzima, watu aliohifadhi namba zao tu, na kila mtu kwa dakika 10. Wengi wanakwama kwenye hilo la pili. Linataka nyote wawili muwe mmeingia iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, na namba au barua pepe ya akaunti ya Apple ya mwenzako iwe imehifadhiwa kwenye simu yako. Mgeni mliyekutana juzi hana namba hiyo. Chagueni kila mtu, rusheni haraka, na dakika 10 zikipita simu itajirudisha yenyewe kwenye watu waliohifadhiwa. Zamani "kila mtu" ilibaki wazi mpaka uizime, na watu wakawa wanarushiwa picha za aibu na wasiowajua kwenye mabasi na viwanja vya ndege. Apple ilibadilisha utaratibu huo kwa dunia nzima mwezi Desemba 2022.

Anayetuma anafungua picha, anabonyeza kile kisanduku chenye mshale wa kwenda juu, anachagua AirDrop, kisha jina la simu. Jina halitokei? Angalieni hotspoti, ile Wi-Fi inayotoka kwenye simu yenyewe: ikiwa imewashwa upande wowote, izimwe. Angalieni pia kama simu inayopokea imefunguliwa na skrini inawaka. Jina limetokea lakini faili linakatika? Hapo shaka ya kwanza ni nafasi. Simu iliyobakiza MB 300 haipokei video ya MB 510, hata ukiibembeleza.

Kuna kitu kimoja nataka tukitazame kwa karibu, hasa nyinyi wa kreta ya Ngorongoro. Picha inayopita WhatsApp kama picha ya kawaida huvuliwa taarifa zake za ndani. Inayopita AirDrop huenda nazo, pamoja na vipimo vya GPS vya pale ilipopigwa. Sasa fikiria ni picha ya faru. Inaruka kutoka simu hadi simu, inapandishwa mtandaoni na mtu wa nne usiyemjua, na yeyote anaweza kusoma faru alikuwa wapi na saa ngapi. Kwenye dirisha la kutuma, juu kabisa, kuna neno Options. Lifungue, zima Location, ndipo uchague jina. Ni sekunde tatu. Mwelezeni na mgeni afanye hivyo kabla hajampa mtu yeyote picha za faru.

Android kwa Android sitakaa sana. Quick Share ya Google ilianza Agosti 2020 ikiitwa Nearby Share, kwa simu za Android 6 kwenda juu, na mwezi Januari 2024 Google na Samsung wakatangaza kuziunganisha za kwao ziwe moja. Fungua Mipangilio, andika Quick Share kwenye kisanduku cha kutafuta, jiweke uonekane na kila mtu kwa muda. Kwa simu za Android 11 kurudi nyuma washa na lokesheni, kwa sababu mfumo wake haukuruhusu kutafuta vifaa vya Bluetooth bila hiyo. Ukikuta chaguo la matumizi ya data, weka bila intaneti. Faili likiingia, litafute kwenye Downloads. Mara nyingi watu wanalitafuta kwenye picha za kamera na kudhani halikufika.

Sasa turudi kwa chui wetu: iPhone kwenda Android.

Mwezi Novemba 2025 Google walitangaza kwamba Quick Share inaweza kuongea na AirDrop, wakianzia na simu za Pixel 10, iPhone ikiwa imewekwa kila mtu kwa dakika 10. Ni hatua nzuri, lakini hapa ndani nikiuliza nani ana Pixel 10 nitaona mikono michache sana. Kwa hiyo tunahitaji njia ya kila siku.

Njia ninayoipendekeza ni hotspoti pamoja na programu iitwayo LocalSend. Ni ya bure, ipo kwa iPhone na kwa Android, na haihitaji intaneti wakati wa kutuma. Inahitaji intaneti mara moja tu, kuipakua, kwa hiyo mwambieni mgeni aipakue kwa Wi-Fi ya loji usiku kabla ya kuondoka. Mkishaingia garini, zima data kwenye simu yako ya Android, kisha washa hotspoti. Ndiyo, simu nyingi za Android zinawasha hotspoti bila data. Mfuatano huo ni muhimu. Ukiacha data wazi, iPhone ya mgeni itadhani imepata Wi-Fi ya bure, itaanza kupandisha picha zake zote za safari iCloud, na bando lako la wiki linaishia Makuyuni.

Mgeni aunganishe na hotspoti yako. Simu yake italalamika kwamba hakuna intaneti, abaki hapohapo. Nyote mfungue LocalSend. Mara ya kwanza iPhone itauliza kama iruhusu programu kuona vifaa vya mtandao wa karibu. Lazima akubali. Akikataa kwa haraka, hamtaonana kamwe mpaka aende Settings, Privacy & Security, Local Network, na kuiwasha. Kama bado hamuonani, muulize kama ana VPN, programu ya kuficha mawasiliano yake mtandaoni. Wageni wengi wanayo kwa ajili ya Wi-Fi za hotelini, nayo inaweza kuziba mawasiliano ya ndani. Aizime, atume, aiwashe tena.

Kwa nini hotspoti iwe ya Android? Kwa sababu hotspoti ya iPhone inataka data ya simu iwe wazi. Na kama siku moja italazimu iwe ya iPhone huku simu yako ya zamani haiioni, mgeni awashe Maximize Compatibility kwenye ukurasa wa hotspoti. Hapo inashuka kwenye gigahezi 2.4, masafa ambayo simu za bei nafuu zinayashika.

Asiyetaka programu atumie flashi ya USB-C. iPhone 15 ya 2023 na za baada yake zina tundu hilo, kama Android nyingi. Flashi iwe imeformatiwa FAT32, na faili moja lisifike GB 4. Mgeni anabonyeza kisanduku chenye mshale, anachagua Save to Files, anachagua flashi, basi. Kama picha zinafika lakini hazifunguki, huenda ni za HEIC, aina ya faili la picha la iPhone, ambazo Android za kabla ya toleo la 9 hazizijui. Kwenye iPhone: Settings, Camera, Formats, Most Compatible. Hilo linarekebisha picha zijazo tu. Zilizokwisha kupigwa zinabaki zilivyo.

Nilisema simu huhama njia bila kuaga. Tangu iOS 17.1, toleo la mfumo wa iPhone la 2023, ukianza AirDrop kubwa kisha mkaachana, faili linaweza kuendelea kupitia intaneti, na kama data imeruhusiwa linakula bando. Kwenye Settings, General, AirDrop, zima Use Cellular Data, au Mobile Data kama simu yako inaandika hivyo. Samsung nayo ina sehemu ya kutuma kwa linki: hiyo inapandisha faili zima mtandaoni kwanza, hata kama mwenzako amekaa ubavuni mwako.

Tuje kwenye kupigiana. FaceTime, huduma ya Apple ya kupigiana kwa video iliyokuja 2010 na iPhone 4, ni njia ya intaneti. Ukichukulia megabiti 1 kwa sekunde kila upande, kila dakika ni MB 7.5 kwenda na 7.5 kurudi, dakika 10 ni MB 150. Mwenye Android haanzishi FaceTime, lakini tangu 2021 anaweza kualikwa. Mteja anakutumia linki, unaifungua kwa Chrome, unaandika jina lako, unasubiri akuruhusu kuingia. Kwa kikao cha kupanga safari inatosha kabisa.

Mwenye iPhone aliyeweka laini mpya na kuona FaceTime inasubiri kuwezeshwa bila kikomo, aangalie salio. Simu hutuma SMS ya siri kuthibitisha namba, na kampuni ya simu inaweza kuitoza kama SMS ya nje ya nchi. Bando la intaneti hata la GB 20 halisaidii hapo, maana SMS inapita njia ya tatu. Weka salio la kawaida, hakikisha tarehe na saa za eneo ni sahihi, zima FaceTime na uiwashe. Apple wanasema inaweza kuchukua hadi saa 24.

Kuna Wi-Fi Calling pia, na hii watu huichanganya na WhatsApp. Hapa unapiga namba ya kawaida kwa kitufe cha kawaida, ila sauti inafika kwenye kampuni yako ya simu kupitia Wi-Fi. Lazima kampuni iwe inaitoa na simu yako iikubali. Mgeni aliye nayo kutoka kwao anaweza kuweka simu kwenye hali ya ndege, akawasha Wi-Fi ya loji, na kupiga nyumbani bila kugusa mnara wetu. Bei aulize kwao kabla. Mnaosimamia mtandao wa loji, mkisikia wageni wanalalamika kwamba WhatsApp inapiga na Wi-Fi Calling haipigi, angalieni kama ruta imeziba milango ya UDP 500 na 4500. Huduma hiyo inapita humo.

Kuna swali kule nyuma. Dada anauliza kuhusu mlimani Kilimanjaro, kwamba simu ya mteja inazimika Kibo ikiwa na chaji asilimia 40, na picha za kileleni zinakosekana.

Hiyo ni baridi, dada. Apple wanataka iPhone itumike kati ya nyuzi 0 na 35, na usiku wa kwenda kileleni mnakuwa chini ya hapo. Betri ya lithiamu ikipoa inashindwa kutoa umeme wa kutosha kwa mpigo, na simu inajizima ingawa chaji bado imo. Ikipashwa joto inawaka tena, mara nyingi na asilimia ileile. Kwa hiyo ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwenye hali ya ndege, na itolewe kwa picha tu. Kurushiana kusubiri mpaka mmeshuka. Na msiichaji ikiwa imeganda, kwa sababu lithiamu ikichajiwa chini ya nyuzi 0 inaharibika moja kwa moja. Power bank ina betri ya aina hiyohiyo, nayo ilale ndani ya begi la kulalia pamoja na simu.