Kompyuta Ikikuuliza "Niifomati?", Jibu Hapana

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za mchana. Wengine wenu hili mmeshalisikia kwangu, na leo hapa Moshi mtalisikia tena, maana flopi, zile diski bapa za sumaku za kompyuta za zamani, bado zinauawa na watu wanaotaka kuziokoa.

Chama kimoja cha msingi cha kahawa, huku huku mlimani, sikitaji jina, kilikuwa na daftari la wanachama kwenye flopi. Katibu kaitunza miaka yote kwenye kopo la biskuti. Akaja kijana na kisomaji cha USB, akaitia. Kompyuta ikasema: diski haijafomatiwa, niifomati? Yaani niipange upya kama diski mpya? Kijana akabonyeza ndiyo! Jamani, kompyuta haikusema diski ni tupu. Ilisema haiielewi. Pengine iliyoharibika ni sekta moja tu, yaani kipande kimoja kidogo cha diski, ile ya kwanza inayoeleza diski imepangwaje, na zile 2,879 nyingine zilikuwa nzima, zimebeba majina ya wazee wetu. Fomati ya haraka hufuta orodha ya mafaili, hapo bado kuna matumaini. Huyu alifanya fomati kamili, inayoandika upya njia zote 80, ile miduara yenye data, pande zote mbili. Basi tena.

Kwa hiyo kwanza sogeza kile kiplastiki cha pembeni mwa flopi mpaka tundu libaki wazi. Tundu likiwa wazi, draivu, yaani mashine inayosoma flopi, haiandiki. Kisha soma diski nzima iwe faili moja. Sisemi uburute mafaili! Nasema diski nzima, hata sehemu zinazoonekana tupu, maana barua aliyoifuta karani mwaka 1997 huenda bado imo. Flopi ya MB 1.44 ni baiti 1,474,560. Picha ya simu yako huizidi. Programu ya ddrescue ni ya bure: huchukua kwanza yanayosomeka, halafu hurudia yale magumu, na hukumbuka ilikofika.

Najua kuna atakayesema, "Mwalimu, kisomaji changu kimekataa." Kitakataa! Visomaji vya USB vinajua mipangilio michache tu ya PC. Ukiwa na flopi ya Amiga, kompyuta ya zamani isiyo PC, tafuta Greaseweazle, kadi ndogo inayounganishwa na draivu ya zamani kwa ule waya wake mpana. Yenyewe haijali mafaili wala sekta. Diski inazunguka mara 300 kwa dakika, nayo inapima muda kutoka badiliko moja la sumaku hadi jingine, na kuyaandika yote kwa mizunguko kadhaa. Kuyafasiri kutafanywa baadaye, hata na mjukuu. Kwa hiyo draivu kuukuu msiwauzie wa vyuma chakavu!

Flopi yenye ukungu usiitie kabisa. Itachafua kichwa cha draivu, nacho kitakwaruza inayofuata.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, haraka: pigeni picha lebo, tunzeni alama ya SHA-256 ya kila faili, yaani namba inayobadilika faili likibadilika, wekeni nakala katika majengo mawili tofauti. Mafaili ya WordPerfect, programu ya zamani ya kuandikia, LibreOffice ya leo inayafungua. Ya WordStar, nyingine ya kuandikia ya zamani, sitayafikia leo.

Baba pale nyuma? Hapana, kuchoma kwenye CD si kuhifadhi, na tafadhali usinianzishe.