Mgonjwa anatarajia nini? Kulipeleka dodoso la matarajio kwa Kituruki

Haya jamani tuanze, waliosimama nyuma kuna viti huku mbele. Najua ukisema dodoso watu wanaanza kutoa simu mfukoni, ila hili la leo ni la matarajio ya mgonjwa na kwenye fizio, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, matarajio ni sehemu ya tiba yenyewe, naanza na kitu kimoja mtaona kwanini.

Mwaka 2011 Ulrike Bingel na wenzake, utafiti ulifanyika Oxford, walichukua watu wazima wa afya 22, wakawa wanawapa maumivu ya joto mguuni huku wanawaingizia remifentanili kwenye mshipa, na hiyo ni dawa kali ya maumivu sio mchezo. Mwanzo dawa inaingia mtu hajui. Baadae anaambiwa sasa ndo tunaanza. Mwisho anaambiwa tumekata, kumbe dawa bado inaingia vilevile na kiwango hakijaguswa. Alipojua anapewa, nafuu ikawa kama mara mbili, alipoambiwa imekatwa nafuu karibu yote ikayeyuka. Dawa ileile! Sasa kama remifentanili inayumbishwa hivyo na maneno, zoezi la mgongo ambalo mgonjwa anatakiwa alifanye mwenyewe nyumbani jioni kachoka, we unafikiri itakuwaje.

Kwahiyo watu wakatafuta namna ya kupima. Kuna SETS, dodoso la matarajio ya tiba la Stanford la 2012, maswali 6 tu, 3 ya mazuri unayotarajia na 3 ya wasiwasi. Kuna TEX-Q, nalo dodoso la matarajio ya tiba, la watafiti wa Hamburg, lililotoka 2023, maswali 15, skeli ya 0 mpaka 10, hii imeenda mbali zaidi maana inauliza faida, inauliza madhara, inauliza tiba yenyewe itaendaje na inauliza wewe mgonjwa utaweza kutimiza upande wako. Hicho cha mwisho ndo mimi nakipenda, kwenye fizio mgonjwa asipofanya yake hamna tiba.

Sasa tuseme unataka kuipeleka TEX-Q kwa Kituruki itumike kliniki za fizio. Ruhusa ya wenye dodoso kwanza, halafu hatua za Beaton za mwaka 2000 za kuhamisha dodoso lugha nyingine wote mnazijua, watafsiri wawili mmoja anajua mada mwingine hajui, mnaunganisha, wawili wengine wanairudisha lugha ya mwanzo bila kuona dodoso la asili, kamati inakaa, unajaribisha kwa watu 30 mpaka 40. Sawa. Hapo kwenye 30 mpaka 40 ndo watu wanapita mbio wakimbilie alfa ya Cronbach, ile namba ya kuonyesha kama maswali yanaenda pamoja, na mimi nasema kazi yenyewe iko hapo.

Manake angalia Uturuki ilivyo. Fizio pale sio ya juzi, Hacettepe kule Ankara wanafundisha tangu 1961. Lakini mgonjwa wa kawaida akisikia fizik tedavi, ndo fizio hiyo kwa Kituruki, anachowaza ni kulala kitandani awekewe joto, TENS ile mashine ya umeme mdogo wa kutuliza maumivu, ultrasaundi ya kutibu, na hii ni nchi ya chemchemi za maji moto, Bursa, Afyon, watu wameenda kukaa kwenye maji ya moto kwa ajili ya viungo tangu enzi za mababu. Unampa karatasi imeandikwa "tiba yako itakusaidia kiasi gani", anazungushia 9, na ile 9 kaipa mashine, wakati wewe umempangia mazoezi wiki nane. Umepima nini hapo? Kwa mimi kabla hajashika kalamu lazima aelezwe kwa sentensi mbili tatu tiba yenyewe itakuwa nini, na hayo maelezo yawe sehemu ya dodoso, asiachiwe kila mtu aeleze anavyojisikia.

Maswali ya madhara nayo. Yameandikwa kufaa tiba yoyote, dawa, upasuaji, vyote. Mgonjwa wa bega madhara yake ni yapi? Misuli kuuma kesho yake baada ya mazoezi, hilo ni dhara au ndo dalili kwamba umefanya kazi? Hapo kwenye majaribio usimuulize tu umeelewa, atasema ndio ili mmalizane. Mwambie akueleze kwa maneno yake alikuwa anawaza nini alipochagua 3.

Halafu kuna heshima. Mgonjwa Mturuki anamwita mtaalam hocam, mwalimu wangu, sasa huyo hocam ndo amekaa mbele yake anamsomea maswali kwa sababu bibi hasomi, unafikiri bibi atampa 2? Na wengine watakujibu inşallah, sisi wa pwani tunalijua hilo, na inshallah haina sehemu kwenye 0 mpaka 10. Asome mtu mwingine ambae hatamtibu. Vinginevyo wote wanarundikana 9 na 10, alfa inatoka nzuri kabisa unafurahi, kumbe dodoso halitofautishi mtu na mtu.

Namba nitapita haraka. Kwa maswali 15 watu wengi wanaenda na wagonjwa 10 kwa kila swali, yaani 150, ndo unaangalia kama yale makundi ya maswali ya Hamburg yanasimama pia kwa Waturuki. Unalinganisha na vipimo ambavyo tayari vina toleo la Kituruki, mfano HADS, dodoso la wasiwasi na sonona.

Ila kurudia kipimo, hapa msikilize vizuri. Mazoea ni kumpa tena baada ya wiki moja mbili uone kama majibu yanafanana. Lakini matarajio ya mtu aliekwisha kuhudhuria mara tatu sio yaleyale, na wala hayatakiwi kuwa yaleyale, ndo kazi yako hiyo kuyabadilisha. Ukipata namba ndogo utasema dodoso bovu wakati mgonjwa ndo kabadilika. Kwahiyo mara zote mbili ajaze kabla tiba haijaanza, akiwa bado anasubiri zamu, hata zikipishana siku chache tu, na usimuongezee maelezo hapo katikati.

Haya, maswali. Naona mkono pale dirishani.