Pakiti Iliyopigwa Danadana Kati ya Kampala na Masaka

OKELLO: Zaituni, irudie ile hadithi ya ruta mbili, vile vifaa vya kuelekeza pakiti za data mtandaoni. Ulinisimulia tukila rolex, ile chapati ya mayai, pale Wandegeya, sikuishika vizuri.

ZAITUNI: Ulishika chapati tu. Haya. Ofisi kuu Kampala, tawi Masaka. Ruta ya Kampala imeambiwa: chochote cha 10.20.0.0/16, yaani anwani zote zinazoanza na 10.20, peleka Masaka. Masaka nako wanatumia kipande kimoja tu cha anwani hizo, 10.20.1.0/24, yaani zinazoanza na 10.20.1. Kisichojulikana kinarudishwa Kampala.

OKELLO: Sasa mtu akitafuta 10.20.9.5?

ZAITUNI: Kampala inasema nenda Masaka. Masaka haikijui kipande hicho, inasema rudi Kampala. Kila ruta inapunguza TTL, namba ya hatua zilizobaki, kwa moja, kwa hiyo pakiti iliyoanza na 64 inahangaika barabarani mpaka namba iishe, inatupwa. Nilipopiga traceroute, inayoonyesha ruta ambazo pakiti inapitia, anwani zilezile mbili zilipishana mpaka chini ya skrini.

OKELLO: Banange! Na ping, yaani kuuliza kama kompyuta za tawi zinajibu?

ZAITUNI: Safi kabisa! Ndiyo maana nilishatia sahihi kwamba kazi imekwisha. Nilipima nilichokijua. Na ukisoma ruta moja moja, huoni kosa.

OKELLO: Ndipo ukaingia Alloy, ile programu ya kukagua mifumo.

ZAITUNI: Ya Daniel Jackson na wenzake wa MIT. Humo kila kitu ni uhusiano. Jedwali la njia linakuwa safu za vitu vitatu: ruta, anwani lengwa, ruta inayofuata. Shika lengwa moja, zinabaki jozi: Kampala na Masaka, Masaka na Kampala. Ziunganishe: wa kwanza anampa wa pili, wa pili anampa wa tatu, basi wa kwanza anamfikia wa tatu. Endelea mpaka jozi mpya ziishe. Kazi yote hiyo Alloy inaiandika kwa alama moja, ^.

OKELLO: Na kitanzi, yaani pakiti kuzunguka tu bila kufika?

ZAITUNI: Ikizaliwa jozi ya Kampala na Kampala, umekikamata. Unaandika sharti: pasiwe na ruta inayojifikia yenyewe. Halafu unaiachia programu itafute mfano kinzani, yaani mtandao unaolivunja sharti hilo, tuseme kwa ruta 4.

OKELLO: Ikauona wa Masaka?

ZAITUNI: Wapi! Kwanza iliniletea ruta iliyojichomeka waya yenyewe. Nilicheka, kisha nikaona aibu: sikuwa nimeikataza popote. Nikaikataza. Nikaongeza pia kwamba kipande chenye mwanzo mrefu zaidi, kama /24 mbele ya /16, ndicho kinachoshinda. Hapo danadana yangu ikajitokeza, ruta mbili tu.

OKELLO: Isipopata kitu, mtandao ni salama?

ZAITUNI: Hadi ruta 4 ulizoiruhusu, ndiyo. Ya 5 hujaiuliza. Na kutokuwa na kitanzi si kufika; pakiti inaweza kutupwa kimya njiani. Hilo ni swali la pili, liandike peke yake. Tena ruta ikiwa na njia mbili za lengwa moja, ^ inakwambia pakiti inaweza kufika, haikwambii itafika. Hapo ndipo wengi wanapojidanganya.

OKELLO: Masaka mkaponyaje?

ZAITUNI: Mstari mmoja kwenye ruta ya tawi: 10.20.0.0/16 yote itupwe. Ile /24 bado inashinda kwa kuwa ni ndefu zaidi, kompyuta za tawi haziguswi. Traceroute sasa inaishia Masaka. Kilichobaki kilikuwa kumweleza mteja ile karatasi yenye sahihi yangu.

OKELLO: Alisemaje?

ZAITUNI: Aliomba kalamu, akafuta tarehe.